Moja kwa Arubaini

Ukuta wa kwanza niliutupa.
Mawe yake yalilingana kama meno ya bandia,
safu juu ya safu, hakuna lililochoka.
Twalib, mtoto wa ndugu yangu Shee,
aliutazama, akauzunguka, akasema,
"Shangazi, hii ni benki."

Nikaanza upya.

Ndara ya bluu iliyotemwa na maji kule Shela
naikata kwa wembe, unene wa kidole:
kwa kipimo changu huo ndio ukuta wa Amu,
ule unaomeza joto la mchana
na maneno ya jirani.
Kalamu iliyokauka wino huchora viungo.
Jiwe moja, ukubwa wa adesi.
La pili limelala ubavu.
La tatu si jiwe, ni kichele;
fundi alikosa, akajaza, akaenda kula.
Kisha karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara
naifinyanga donge, naiviringisha juu yake,
nayo huacha vishimo,
vile vya tumbawe lililokuwa hai
kabla ya babu wa babu.

Chokaa nasaga maganda ya mayai.
Bi Mwanamkuu, mpishi wa mkate wa mayai,
huniletea ndoo nzima. Zamani aliuliza.
Nachekecha kwa ushungi mkuukuu,
natia gundi, napaka kwa kidole cha mwisho
na kupangusa kabla haijashika,
maana chokaa ya Langoni haikai uso mzima,
hubanduka kwanza pale punda wanapojikuna.
Mikuno ya punda nayo nimeiweka:
nusu ya njiti ya kiberiti kutoka ardhini.

Chai ya rangi iliyolala, hiyo ndiyo mvua ya miaka mia.
Hina kavu, chembe tu, chini ya mlizamu,
ndiyo ukungu.
Boriti ni njiti za ukuti.
Zidaka nilizitoboa kwa sindano ya kushonea kofia,
na siku ya zidaka sikuongea na mtu.

Nyumba yenyewe iliuzwa Rajabu iliyopita.
Ndugu zangu mafungu mawili mawili, mimi moja.
Hesabu ilikuwa sawa. Sina neno na hesabu.
Mwenyewe wa sasa ameipiga simiti nje na ndani,
laini, nyeupe, kiungo hukioni.
Nikipita chini ya wikio
natazama miguu yangu.

Shee alikuja jana, baada ya Isha.
Hakukaa. Aliinama mlangoni mwa msana wa yuu
kama mtu anayechungulia harusi,
na mkono wake, ule uliotia sahihi,
ukabaki nyuma ya mgongo.
"Ufa wa nini?" akauliza.
Ulikuwa ndani, ukutani, juu ya kitanda cha mama.
"Ulikuwapo," nikasema.
"Najua ulikuwapo," akasema. "Lakini
ulipinda kushoto."

Alipoondoka nilishika wembe.
Nilikuwa na hakika ya kulia. Miezi minne
nilisimama miguuni pa kitanda kile na bakuli la uji,
nikiusoma ufa ule ili nisiusome uso wake.
Kulia. Kama mkia wa herufi.

Nikajilaza sakafuni kwangu,
kichwa ukutani, kama kilivyokaa kitanda,
nikainua macho juu na nyuma.
Shee ni kitindamimba;
alilala na mama hadi meno yakang'oka.
Kushoto kwa aliyelala.
Kulia kwa aliyesimama.

Nilikaa pale chini kitambo, vumbi la mayai nyweleni.
Bi Mwanamkuu akabisha, akaacha ndoo, akaenda.

Wembe nimeurudisha kwenye karatasi yake.
Ufa nimeuacha, ila nimeutia chai tena,
chai ya pili,
nzito kidogo.